Mwanga, Matundu na Kutu: Kuusoma Ukuta wa Bati wa Eldoret

Ukuta wa bati una maandishi mawili, na jua ndilo linaloamua yapi yasomeke. Bati lililosimamishwa wima lina migongo na mifereji inayoshuka kutoka ukingo wa paa hadi ardhini. Jua la saa mbili asubuhi, likipita sambamba na uso wa ukuta, hutia kivuli katika kila mfereji, na uso uliokuwa bapa machoni hugeuka safu ndefu ya mistari. Ikifika adhuhuri mistari hiyo hufutika, kwa kuwa mwanga unaotoka juu huteremka ndani ya mfereji wenyewe bila kizuizi. Badala yake hujitokeza vile vilivyolala: maungio ambapo bati moja limelipanda jingine, vichwa vya misumari, kivuli cha ukingo wa paa. Fundi akiwa ameyalaza mabati kwa ubavu, kanuni hupinduka, na adhuhuri ndiyo inayochora mistari. Mpiga picha anayezunguka Eldoret kwa ajili ya majengo ya bati, hata kama anafanya hivyo kwa mapenzi yake tu, hana budi kwanza kujua mabati yalivyopangwa, ndipo achague saa.

Saa peke yake haitoshi. Mji uko takriban nusu digrii kaskazini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo mbele ya duka inayotazama kusini hupata jua kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Machi, ilhali inayotazama kaskazini hulipata katika miezi iliyobaki, ambayo katika Uasin Gishu ndiyo miezi ya mvua. Duka la kale linalotazama kaskazini kwa hiyo husomeka asubuhi tu, kabla mawingu ya alasiri hayajajikusanya. Picha nzuri ya ukuta wa namna hiyo ina thamani ya pekee, nami huitambua mara moja: bati limeoshwa na mvua ya jana, rangi zimekolea, na ardhi iliyo mbele yake bado ni nyeusi kwa maji.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kuyapiga picha majengo haya kwa mtindo wa Bernd na Hilla Becher, wanandoa wa Ujerumani walioanza mwaka 1959 kupiga picha za minara ya maji na mitambo ya viwanda, ikitazamwa uso kwa uso chini ya anga lenye mawingu. Mwanga usio na kivuli uliwafaa wao, kwa kuwa walitafuta umbo la jumla la mnara, wapate kuulinganisha na minara mingine. Kwa bati, mwanga huo huondoa kile kinacholifanya bati kuwa bati. Walker Evans alilielewa hilo alipopiga picha ya jengo la bati huko Moundville, Alabama, mwaka 1936: alisimama mbele ya ukuta moja kwa moja, lakini akaliacha jua lipite kwa pembeni, na kila mkunjo ukapata nafasi yake.

Mkunjo si pambo. Henry Robinson Palmer alipopata hataza yake London mwaka 1829, alikuwa amegundua kwamba bamba jembamba la chuma likikunjwakunjwa hupata ukakamavu wa kusimama kwa mbao chache. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kulipaka zinki. Ukakamavu huo, pamoja na wepesi wa kupakiwa bamba juu ya bamba, ulilifanya bati kuwa kitu cha kufaa kwa mji ambao kwa miaka mingi ulilishwa kwa magari ya ng'ombe. Makaburu walifika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908, posta ikafunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, yaani “sixty-four”, ambalo liliupa mji jina la Sisibo, lakini reli haikufika hadi mwaka 1924. Kabla ya hapo mizigo iliteremshwa Londiani na kukokotwa kwenye matope. Ukiiangalia picha ya ghala la kale ukiwa na habari hiyo, utaona kwa nini nguzo ni chache hivyo na kwa nini ukuta mzima unaning'inia kwenye mbao nyembamba.

Baada ya mwanga, yafuatie matundu. Fundi wa paa hupiga msumari juu ya mgongo wa bati, kwa kuwa maji hupita mferejini. Kwenye ukuta, ambako maji hayamtishi, msumari huweza kupigwa mferejini ukashika vizuri zaidi. Basi ukikuta ukuta ambao migongo yake ina matundu matupu yaliyopangwa kwa safu, na hakuna mbao nyuma yake, bati hilo lilikuwa paa mahali pengine kabla halijaletwa hapo. Matundu haya ya awali, ninayopenda kuyaita matundu yatima, ndiyo sehemu ya maandishi ambayo wapiga picha wengi huipoteza kwa kusimama mbali mno. Tena umbali una hila yake: mikunjo ikiwa midogo sana kwenye picha, kamera ya simu hushindwa na mistari na kuzua mawimbi ambayo hayapo ukutani. Afadhali kusogea na kupoteza ncha ya paa.

Kutu nayo ina mpangilio. Zinki hujitoa ilike kabla ya chuma, hivyo wekundu huanza pale zinki ilipokatika au inapolowa muda mrefu: kwenye ncha zilizokatwa, kuzunguka misumari, chini ya maungio, na upande wa chini ambapo matone yanarusha udongo. Kutoka hapo hupanda polepole. Ukuta uliozeeka kwa amani unaweza kusomwa kwa kufuata rangi hizo, kutoka kijivu kilichobaki kifuani hadi wekundu wa miguuni. Ndiyo maana siwezi kukubali picha nyeusi na nyeupe kwa somo hili, pamoja na heshima yote kwa Evans. Zinki iliyochakaa na kutu changa huweza kutoka na kijivu kilekile, na mpangilio mzima wa umri ukapotea.

Ipo kutu nyingine isiyo na mpangilio. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi, na bati lililopita motoni hupoteza kinga yake yote kwa wakati mmoja, kisha hushika kutu uso mzima, katikati sawa na pembeni. Katika mji huu tofauti hiyo ni nzito. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, liliteketezwa watu wakiwa ndani, na katika majuma hayo nyumba nyingi za Uasin Gishu zilichomwa. Picha za wakati huo zinaonyesha mabati yaliyolala juu ya majivu. Mtu anayependa wekundu wa bati na asiweze kutenga kutu ya mvua na kutu ya moto atakuja kuusifu ukuta kwa uzuri wa rangi zake mbele ya jirani anayejua ulikotoka. Hapo uchambuzi wa umbo huwa sehemu ya adabu: bati lenye wekundu uliosawazika, lililojipinda bila kugongwa, lisipigwe picha kabla mwenye nyumba hajaulizwa na kuridhia.

Lililobaki ni kurudi. William Christenberry alirudi mwaka baada ya mwaka kwenye majengo yaleyale ya Hale County, Alabama, na baadhi yalipotoweka aliendelea kupiga picha mahali yalipokuwa. Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, inahitaji subira ya aina hiyo kuliko picha moja ya kuvutia, maana viwanja vya katikati ya mji vinaendelea kuchukuliwa na ghorofa. Duka la bati likiondolewa, mfululizo usikatwe hapo. Ghorofa ipigwe picha kutoka palepale, kwa lenzi ileile, saa ileile ya asubuhi, na vioo vyake visomwe kwa uangalifu uleule uliopewa mikunjo ya bati.