Namba Ambayo Hakuna Anayeiuliza

SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya simu zetu nyingi, haichagui sana inachosoma. Iletee faili la maandishi, orodha iliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, au hata hesabu zisizohifadhiwa popote, uiambie hilo ni jedwali, nayo italisoma kama majedwali yake yenyewe. Hayo ndiyo majedwali pepe. Kazi yako ni kuiandikia fanksheni kadhaa: ya kuchuja, ya kusogea mbele, ya kutoa thamani. Imo moja fupi sana, xRowid, inayoulizwa swali moja tu: safu hii ni namba gani? Jibu ni namba kamili ya biti 64. Mimi ufundi wa mtu huupimia hapo.

Mwenye haraka huhesabu tu: safu ya kwanza kusomwa ni 1, inayofuata 2, na kila uchujaji mpya unaanza upya. Ukijaribu, kila kitu kinaonekana sawa. Kisha, tuseme jedwali ni la mizigo, anakuja mtu kuuliza: nipe mizigo iliyotoka Pemba au ambayo ni karafuu. SQLite inaweza kulisoma jedwali mara mbili, mara moja kwa kila sharti, na ili karafuu za Pemba zisitoke mara mbili, inalinganisha namba za safu. Mzigo wa kwanza wa usomaji wa pili nao unajiita 1. Unatupwa. Hakuna onyo, majibu yamepungua tu, na mwulizaji hana habari.

Kufuta ni kugumu zaidi. Tuseme namba ni nafasi ya mstari ndani ya faili, na mtu anataka kufuta wa 3 na wa 7. Kwa kawaida injini hukusanya namba kwanza, ndipo inapoagiza ufutaji mmoja mmoja. Wa 3 ukiondoka na mistari ikapanda, agizo la 7 linamwangukia aliyekuwa wa 8, asiye na kosa. Kwa hiyo fundi makini haondoi mstari papo hapo: anautia alama ya kufutwa, namba yake hampi mwingine, na faili analisafisha baadaye. Ni kazi ya ziada ambayo hakuna atakayemshukuru kwayo.

Tangu toleo la 3.14 la mwaka 2016, jedwali pepe linaweza kutangazwa bila namba ya safu. Ila likiwa la kuandikika, sharti liwe na ufunguo wa msingi wa safu wima moja. Mzigo umehama, haukutua.

Msimbo wa SQLite ni mali ya umma. Fungua csv.c, kiendelezi cha kusomea faili za CSV, uitafute xRowid yake: kiini chake ni mistari michache tu. Kisha rudi kwenye ya kwako, uisome tena kabla hujaikabidhi kwa watu.