Kuchagua Dungu

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga, na kwenye jembe sina ubishi nao. Anayezunguka sokoni akipima mipini na kulalamikia uzito wa kila jembe, mvua itamkuta hajapiga hata tuta moja. Lakini wahenga hao hao, ilipofika zamu ya kulinda shamba, hawakukalia chochote kilichopatikana. Bibi yangu mzaa mama, huko Rufiji, alichagua miti ya dungu lake, jukwaa la mlinzi wa shamba, kama mtu anayechagua mkwe. Aligonga kila nguzo kwa kisu kusikia kama imeliwa na wadudu. Alifunga kwa kamba mpya, hata kama za mwaka jana zilionekana nzima. Kisha, kabla ya kupandisha kombeo au debe la kupiga, alitandika majani makavu ya mpunga, akayafunika kwa gunia, akakaa, akajigeuza, akakaa tena. Nilikuwa mtoto na nilichoka kumngoja. Nilipomuuliza kwa nini anahangaikia kikalio wakati nguruwe ndio adui, alinijibu: "Mume wangu, mtu akikaa vibaya halindi shamba. Analinda makalio yake."

Leo naishi Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, na kila Novemba nakwea mti wa mwaloni kabla ya alfajiri kumngoja ayala. Namwita ayala kwa sababu ndilo jina walilompa watafsiri wa Biblia ya Kiswahili mnyama wa ukoo huu. Kulungu wa kwetu ana pembe zisizodondoka. Huyu dume lake huangusha pembe kila majira ya baridi na kuota nyingine. Anajulikana kwa mkia wake, mweupe kwa ndani, anaousimamisha kama bendera anapokimbia. Kiti ninachokalia juu ya mwaloni ni cha chuma kutoka dukani, kina mikanda na kulabu, ila kwangu jina lake ni lile lile: dungu.

Kwa nini mwindaji apande juu? Ayala anaishi kwa pua yake. Ukisimama chini, pumzi yako na jasho lako vinasafiri usawa wa kichwa chake, naye atakujua kabla hujamjua. Ukiwa juu mita 5 au 6, upepo hupitisha harufu yako juu zaidi, walau kwa umbali fulani. Hata hivyo hewa ina ratiba yake: jua linapopasha mteremko asubuhi hewa hupanda, na jioni inapopoa huteremka bondeni. Ndiyo maana dungu la asubuhi na dungu la jioni mara nyingi hayawi kwenye mti mmoja. Macho ya ayala nayo ni ya namna yake. Rangi ya machungwa inayong'aa, ambayo wengi wetu tunaivaa kutii sheria ili tusipigane risasi wenyewe kwa wenyewe, haimshtui, kwa kuwa haioni kama tuionavyo sisi. Kinachomshtua ni kutikisika. Mkono uliokwenda kukuna shavu unatosha.

Hapo ndipo maneno ya bibi yaliponirudia, na yalinirudia kwa uchungu. Msimu wangu wa kwanza nilinunua kiti cha bei ya chini kuliko vyote nilivyoviona, bila hata kukikalia. Kikalio kilikuwa ubapa mwembamba wenye sponji kidogo, chenye ukingo wa bomba mbele. Saa ya kwanza nilikuwa mwindaji. Saa ya pili ule ukingo ulikuwa umekata damu chini ya mapaja, na miguu ikaanza kufa ganzi kidole kwa kidole. Sponji ilikuwa imenyonya umande, umande ukaganda, nikawa nimekalia barafu. Ayala jike alitokea upande wa kushoto, hatua 20 hivi, akinusa majani yaliyoanguka akitafuta mbegu za mwaloni. Nilitaka kusogeza paja moja tu, upana wa kidole. Chuma kililia kii, sauti ndogo kama ya bawaba ya dirisha. Akainua kichwa. Akapiga ardhi kwa kwato la mbele, mara moja, mara mbili. Halafu akatoa pumzi kwa nguvu puani, mkia ukasimama, na msitu mzima ukawa umeambiwa kwamba nipo.

Sikumlaumu mnyama wala baridi. Nililaumu kitako kilichokaa vibaya, na tangu siku hiyo nimeamini kwamba raha ya kiti si anasa ya mwindaji mvivu. Raha ndiyo inayozaa utulivu, na utulivu ndio unaozaa risasi moja iliyokwenda mahali pake. Mwindaji anayetetemeka na kujipindapinda hufyatua kwa pupa, akamjeruhi mnyama ambaye atakwenda kufia kichakani baada ya saa nyingi za maumivu. Anayechagua kiti kwa makini anamtendea haki ayala kabla hata ya kumwona.

Basi unachagua nini? Viti hivi vina koo tatu kubwa. Kuna kiti cha ngazi, ambacho ni ngazi ya chuma ya mita 4.5 hadi 6 yenye benchi juu yake, inayoegemezwa mtini na kufungwa kwa mikanda. Hiki ndicho nampendekezea mgeni wa kazi hii na mtu mwenye magoti ya utu uzima. Kukisimamisha kunataka watu wawili au watatu, na ukishakiweka hukihamishi ovyo, lakini bei yake ni nafuu, kupanda kwake ni rahisi, na vingi vina nafasi ya mzazi kukaa na mwanawe. Kuna kiti cha kufunga, kibao cha kukanyagia na kikalio chake, unachokitundika mtini baada ya kufunga vipande vya ngazi kimoja juu ya kingine. Ni chepesi, hukaa karibu kwenye kila mti, ila kukifunga ukiwa juu kunahitaji mazoezi. Cha tatu ni kiti cha kukwea nacho. Kina vipande viwili vinavyoukumbatia mti: unapandisha cha juu, unakiegemea, unavuta cha chini kwa miguu, na hivyo hivyo hadi ufike. Aliyemwona mkwezi wa minazi akipanda kwa kitanzi miguuni hahitaji maelezo zaidi. Kinadai mti ulionyooka usio na matawi, na mwaloni wangu haumo katika hesabu hiyo.

Ukishajua ukoo, kaa juu yake. Muuza duka akikushangaa, mwache ashangae. Kaa dakika 20 bila kujigeuza, ukiwa na koti zito utakalovaa siku yenyewe. Sikiliza magoti: yakipanda juu kuliko kiuno, kikalio kiko chini mno; miguu ikining'inia, kiko juu mno. Kikalio cha wavu uliokazwa hakishiki maji, theluji hupita, na uzito husambaa mapajani. Hicho ndicho nimekipenda kuliko sponji. Angalia kama kikalio hukunjika nyuma ili uweze kusimama umeegemea mti, maana mwindaji wa upinde huhitaji kusimama, na hata wa bunduki huhitaji kunyoosha mgongo. Sehemu ya kuwekea mikono ni neema kwa mwenye bunduki na kikwazo kwa mwenye upinde. Kisha tikisa kila kiungo. Kinacholia dukani kitapiga kelele msituni.

Kuhusu bei, wapo wanaodhani mambo haya ni ya wenye fedha. Sivyo. Tofauti kubwa ya bei hutokana na madini: aluminiamu ni nyepesi na ghali, chuma ni kizito na nafuu. Kama mti wako uko mwendo mfupi kutoka barabarani na kiti kitakaa pale msimu mzima, unalipia wepesi wa nini? Nunua chuma, na fedha iliyobaki itie kwenye mikanda mizuri na buti za joto. Nunua Januari au Februari, msimu ukiisha, maduka yanapotaka kupata nafasi. Cha mtumba nacho chaweza kuwa kizuri, mradi ukikague: fuata weldi kwa kidole kutafuta nyufa, soma alama ya uzito, uliza kama aina hiyo iliwahi kurudishwa kiwandani kwa kasoro. Vingi huandikwa pauni 300, yaani kilo 136, na hesabu hiyo inajumuisha koti, buti, begi na bunduki. Ila mikanda ya mtumba usiinunue kabisa. Kindi huitafuna, jua huila polepole, na jicho halioni ndani ya uzi.

Rahisi ghali, tunasema, na hapa ughali wenyewe ni uti wa mgongo. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: ajali nyingi za kazi hii humkuta mtu akipanda au akishuka, au anapohama kutoka ngazini kwenda kwenye kibao, mwili ukiwa nusu huku nusu kule. Viti vilivyopimwa kwa viwango vya chama cha watengenezaji, Treestand Manufacturers Association, huuzwa pamoja na mkanda wa mwili mzima, unaoshika mabega, kifua na mapaja. Uvae kabla mguu haujaacha ardhi. Mimi huning'iniza kamba kutoka juu ya kiti hadi chini, yenye fundo, lililounganishwa na mkanda wangu, linaloteleza nikilisukuma kwa mkono na kuuma nikilivuta kwa uzito. Nikipanda napanda nalo, nikishuka nashuka nalo. Bunduki hupanda baadaye kwa kamba yake, ikiwa tupu. Jimbo hili linamtaka kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1973 apite mafunzo ya usalama kabla ya kununua kibali cha kuwinda, na nilipokaa kwenye darasa lile, nikiwa mtu mzima katikati ya watoto, niliona kwamba bibi angefaulu bila kusoma. Kugonga nguzo, kubadilisha kamba, kutoamini kilichoonekana kizima: masomo yote aliyafanya kwa kisu chake.

Ustadi wa kukaa juu si wa taifa moja. Wahindi wana neno lao, machan. Mwindaji Jim Corbett, aliyezaliwa Nainital, India, mwaka 1875, alikesha usiku baada ya usiku juu ya mwembe hadi alipompiga chui wa Rudraprayag mwaka 1926, chui aliyekuwa ameua watu 125. Uzee ulimleta kwetu Afrika Mashariki. Alihamia Nyeri, Kenya, mwaka 1947, na Februari 1952 alikuwa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti mwaka 1932, usiku ambao Elizabeth wa Uingereza alipanda akiwa binti mfalme, na baba yake akafariki wakati yeye yuko huko juu. Dunia inaukumbuka usiku ule kwa ajili ya taji. Mimi namkumbuka mzee Corbett, mwenye zaidi ya miaka 70, bado amekaa juu ya mti akitazama wanyama wakija kunywa maji, safari hii bila kuua. Mkaa bure si sawa na mtembea bure, husema methali, ikimsifu mtembezi kwamba huenda akaokota kitu. Mkaaji wa dungu hakai bure. Nimeona kutoka juu mambo ambayo miguu yangu isingenipa: bundi akirudi kulala, mbweha akipita chini ya soli zangu, umande ukigeuka mvuke pale jua lilipogusa gome la mti.

Mwaka jana, kwenye dungu langu la chuma na wavu, nilikaa tangu giza. Saa tatu asubuhi ayala jike alikuja kwa njia ile ile ya kushoto. Damu ilikuwa ikizunguka miguuni mwangu, mgongo umeegemea mti, mikono imelala juu ya bunduki kama iliyosahauliwa. Alisimama, akatazama juu, moja kwa moja usoni pangu. Sikuwa na haja ya kusogea popote, basi sikusogea. Akainamisha kichwa akaendelea kula. Nilisubiri hadi mguu wa mbele ulipotangulia na ubavu ukafunguka. Nikasema Bismillahi kwa midomo bila sauti. Alikimbia kidogo tu, akaanguka ndani ya upeo wa macho yangu. Nyama yake tuligawana na majirani watatu.

Januari nilirudi na ngazi kukishusha kiti. Mti unakua, ingawa wakati wa baridi huonekana umekufa, na mkanda uliosahauliwa mwaka mzima huuma gome, na gome huuma mkanda, hadi vyote viwili viharibike. Nilipofungua niliona alama ya mwaka ule kwenye mwaloni, mstari mwembamba usiozidi unene wa ukucha. Nikakumbuka bibi, mavuno yakiisha, akifungua kamba za dungu moja moja, akizitupa, na kuziacha nguzo zipumue. Nilikikunja kiti, nikakibeba mgongoni hadi barabarani. Kabla ya kukitia garini nilikiweka juu ya theluji, nikakaa, nikajigeuza, nikakaa tena.