Kurasa 75,000 zilivyobaki 3,000

Ofisi ya mawakili ikiamua kuisuka upya tovuti yake, kikao cha kwanza huwa cha rangi. Bluu ya nembo ikolee au ipauke? Mizani ikae juu au ubavuni? Mwenye ofisi huongeza ombi la picha ya nyundo ya hakimu, ingawa majaji wa Uingereza, zilikotoka taratibu nyingi za mahakama za Tanzania na Kenya, hawaigongi nyundo hiyo. Wengi wetu tumeijulia kwenye filamu za Marekani. Siku ya uzinduzi tovuti inang'aa, na mteja anayetafuta namba ya simu bado haioni.

Kazi bora ya aina hii iliyoanzia upande mwingine kabisa haikufanywa na kampuni. Ilifanywa na serikali. Mwaka 2010 Martha Lane Fox, mmoja wa waanzilishi wa lastminute.com, alimwandikia waziri Francis Maude akishauri huduma za mtandaoni za serikali ya Uingereza zipitie mlango mmoja. Mwaka uliofuata timu ndogo ikajenga sampuli kwa wiki 12, na tarehe 17 Oktoba 2012 tovuti ya GOV.UK ikachukua nafasi ya mbili zilizotangulia, Directgov ya wananchi na Business Link ya wafanyabiashara. Mazingira yake hayako mbali na ya mawakili au wakaguzi wa hesabu: taasisi yenye maarifa mazito inazungumza na mtu mwenye shida moja, mwenye haraka, asiyejua idara gani inamhusu.

Timu ile haikuanza kwa kuchora. Ilianza kwa kufuta. Kila ukurasa uliitwa ujieleze: nani anakuhitaji, anataka kufanya nini, na je, ni serikali tu inayoweza kumjibu? Maelezo ya ufugaji wa nyuki yalitupwa nje, kwa kuwa wafugaji wana vyama vyao vinavyoijua kazi hiyo kuliko karani yeyote. Chini ya Sarah Richards, aliyewaongoza wahariri, kurasa zipatazo 75,000 zilishuka hadi 3,000 hivi.

Ukurasa wa sikukuu za umma unaonyesha walichokuwa wakikitafuta. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, ipo tarehe ya sikukuu inayokuja. Orodha ya nyingine inafuata chini. Hakuna salamu za waziri. Hata ule ukurasa maarufu wa "Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara" waliukataa, kwa hoja kwamba swali likiulizwa kila siku, jibu lake lilitakiwa liwe limekaa mahali pake tangu mwanzo.

Tovuti ya mawakili kwa kawaida hupangwa kama korido ya ofisi: Sheria ya Milki, Mashauri, Ushauri wa Kampuni. Lakini mtu anayeingia hana "suala la milki". Ana kiwanja kilichouzwa mara mbili, au mume amefariki na benki inataka barua ya usimamizi wa mirathi. GOV.UK iliandika vichwa vyake kwa maneno ambayo watu wenyewe huyatumia wanapotafuta. Hapo ndipo ofisi nyingi zinaposhindwa, kwa sababu korido wanaijua wao tu.

Mawakili wana kinga moja wanayoishika sana: lugha nyepesi itatushushia hadhi. Mwaka 2012 Christopher Trudeau, mwalimu wa sheria nchini Marekani, alichapisha utafiti ambamo watu walipewa sentensi mbili zenye maana moja wachague. Katika asilimia 80 hivi ya machaguo walichukua ile iliyo wazi. Jambo lilipokuwa gumu zaidi, ndivyo walivyozidi kuutaka uwazi.

Sehemu ngumu kuliko zote haikuonekana na mtu, na ilihitaji ustadi kuliko herufi za kupendeza. Anwani za zamani zilikuwa zimechapishwa kwenye barua, vipeperushi na tovuti za watu wengine. Kama zingekufa zote siku moja, kila aliyezifuata angegonga ukuta wa 404, yaani ukurasa haupatikani. Kwa hiyo timu iliorodhesha anwani za tovuti zote mbili na kuipa kila moja hatima yake. Iliyokuwa na mrithi ilipewa jibu la 301, ambalo huiambia programu ya kutafutia kwamba ukurasa umehama jumla, na kumpeleka msomaji kwenye makazi mapya bila yeye kuhisi kitu. Isiyo na mrithi ilipewa 410, yaani umeondolewa kwa makusudi, pamoja na njia ya kuuona kwenye Nyaraka za Taifa za nchi hiyo.

Sura ilikuja baadaye. Herufi zilitokana na zile ambazo Margaret Calvert na Jock Kinneir walizibuni kwa ajili ya alama za barabarani, zilizoundwa zisomwe na dereva aliye mwendoni. Aprili 2013 tovuti hiyo isiyo na urembo wowote ilipewa tuzo ya Ubunifu wa Mwaka ya Design Museum, London.

Kwa ofisi ya Dar es Salaam au Nairobi kuna nyongeza mbili. Wateja wengi huingia kwa simu na kwa bando la kununua, hivyo picha ya jengo yenye megabaiti tano ni gharama anayobebeshwa mgeni; Google hupendekeza sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Na fomu ya mawasiliano inayouliza jina, simu na kisa cha mtu inakusanya taarifa binafsi, zinazolindwa na sheria ya mwaka 2022 Tanzania na ya 2019 Kenya. Usiulize usichokihitaji.

Wakili unayekaribia kulipa malipo ya awali, mwombe mbunifu wako kwanza orodha ya anwani zote za tovuti ya sasa, na kando ya kila moja aandike itakwenda wapi. Kama hana, hela ibaki mfukoni.