Tamasha la Gilroy: Saa za Kujitolea Zilivyogeuka Fedha

Tamasha la kitunguu saumu la Gilroy, California, lilianza mwaka 1979. Rudy Melone, mkuu wa Chuo cha Gavilan, alivutiwa na habari za Arleux, mji wa Ufaransa unaosherehekea zao hilohilo. Watu wapatao 15,000 walijitokeza, mara tatu ya waliotarajiwa.

Siri ya hesabu za tamasha iko jikoni. Pale Gourmet Alley, wapishi wa kujitolea hukaanga ngisi na kamba kwenye vikaango vikubwa huku ndimi za moto zikiruka juu ya vichwa vyao. Hawalipwi hata senti. Lakini saa zao huandikwa, na baada ya tamasha ziada hugawiwa vikundi walivyovifanyia kazi: timu za shule, kwaya, vyama vya misaada. Tuseme mgao ni dola 5 kwa saa: timu iliyoleta watu 20, kila mmoja akafanya kazi saa 8, inaondoka na dola 800.

Huu ni utaratibu wa busara sana. Kwa biashara ya chakula, mishahara hulipwa kuna faida au hakuna. Hapa malipo ya kazi husubiri hesabu zifungwe, kwa hiyo mwaka mbaya hupunguza mgao badala ya kuzalisha deni la mishahara. Tena kila kikundi kina sababu ya kuleta watu wake wenyewe. Kwa miaka 40, zaidi ya dola milioni 10 zilifika kwenye vikundi hivyo.

Bima, hata hivyo, haina mtu wa kuifanya kwa kujitolea. Hulipwa taslimu kabla lango halijafunguliwa, na bei yake hufuata hatari. Julai 28, 2019, mtu mwenye silaha aliwaua wahudhuriaji watatu, wawili kati yao wakiwa watoto. Mwaka uliofuata ikaja korona. Mwaka 2022 chama kinachoandaa tamasha kilitangaza kulisimamisha, kikitaja gharama ya bima iliyotakiwa na mji miongoni mwa sababu. Kwa maoni yangu, tamasha la aina hii lazima litenge akiba ya bima kabla ya kugawa hata dola moja, ingawa ni vigumu kuiambia timu ya watoto isubiri.

Tamasha lilirudi mwaka 2025, likiwa dogo, na tiketi za kila siku zikawekewa kikomo. Kikomo hurahisisha kukadiria gharama. Lakini wageni wakipungua, zamu za jikoni nazo hupungua, na kikundi kilichozoea kuleta watu 20 huenda kikapata nafasi 5.