Skripti Nzuri ya Ping Hujulikana kwa Namna Inavyosoma Ukimya

Ukiletewa skripti ya kukagua anwani zote za mtandao wa ofisi, usiipime kwa mashine inazozipata. Hata mwanagenzi huzipata kwa mistari mitatu. Ipime kwa namna inavyosema kuhusu zile zilizonyamaza.

Mike Muuss aliandika ping Desemba 1983, akiwa kwenye maabara ya jeshi la Marekani, kwa kutumia ujumbe wa ICMP: unatuma ombi, mwenzako anarudisha mwangwi. Mwangwi ukirudi, mashine iko hai. Usiporudi, bado hujajua kitu. Asiyeitika hodi huenda yumo ndani: faiawoli imemzuia. Kwa hiyo skripti inayoandika "imekufa" inadanganya. Iliyo bora huandika "haijajibu", kisha, kama iko kwenye mtandao uleule wa ndani, hupekua jedwali la ARP. Printa iliyofungiwa ICMP bado hulazimika kujibu ARP, la sivyo hakuna atakayeweza kuitumia.

Kwenye Windows pana mtego ninaoutafuta kabla ya kitu kingine chochote. Ruta ikijibu kwamba anwani haifikiki, ping huweza kulihesabu jibu hilo kama pakiti iliyopokelewa na kurudisha sifuri, alama ya mafanikio. Skripti inayoiamini sifuri hiyo hukujazia orodha ya mashine zisizokuwepo. Fundi makini, kwa anwani za IPv4, hutafuta neno "TTL=" ndani ya jibu. Likiwepo, mashine yenyewe ndiyo iliyojibu.

Kasi nayo ipimwe. Mtandao wa /24 una anwani 254 za kugawa. Ping ya Windows, usipoielekeza, hutuma pakiti nne na kusubiri kila moja hadi sekunde nne. Anwani zote zikinyamaza, utangoja zaidi ya saa nzima. Pakiti moja na sekunde moja ni kama dakika nne. Zikitumwa sambamba ni sekunde chache tu. Ila zisimwagwe zote kwa mkupuo, maana ruta ndogo huangusha pakiti na mashine nzima ikaonekana bubu. Iliyonyamaza iulizwe tena.

Tazama pia muda wa kusubiri: -w ya Windows ni milisekunde, ilhali -W ya Linux ni sekunde. Aliyenakili 1000 bila kufikiri ameigandisha kazi yake.

Kisha ipe 192.168.4.0/22. Skripti dhaifu itairuka 192.168.4.255 kwa kudhani kila .255 ni ya matangazo. Humo hiyo ni anwani halali kabisa. Ya matangazo ni 192.168.7.255 peke yake. Hapa ndipo skripti nyingi huanguka.

Na kabla hujaiendesha kwenye mtandao usio wako, omba idhini ya mwenyewe, tena kwa maandishi.