Miwani ya Stan Ogden

Kuna chupa ya sosi mezani. Ni Ijumaa jioni, tarehe 9 Desemba 1960, nyumba namba 3, na familia ya Barlow imekaa kula. Baba, Frank, anafanya kazi posta. Mama, Ida, anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja mjini. Kijana wao Kenneth yuko chuo kikuu, na chuo kimeshaanza kumpa macho mengine. Anaitupia jicho ile chupa. Hasemi neno, ila uso unajikunja kidogo, na baba mtu anauona. Hapo hapo maneno yanaanza. Hujakaa na watu hawa hata robo saa, lakini tayari umejua nani anamwonea nani haya ndani ya nyumba hii, na nani atakayehangaika kupatanisha.

Hiyo ni sehemu ya kwanza ya Coronation Street, tamthilia ya mfululizo ambayo Waingereza wameitazama kwa zaidi ya miaka 60. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nasubiri ile chupa. Mwandishi mwingine angemwandikia Kenneth hotuba nzima kuhusu elimu, umaskini na tofauti za matabaka. Tony Warren alimpa sosi.

Warren alikuwa na miaka 24 tu usiku ule. Alizaliwa Pendlebury, karibu na Salford, kaskazini mwa Uingereza, akaigiza redioni tangu utotoni, kisha akaajiriwa na Granada, kituo cha televisheni cha Manchester. Alitaka kuandika mtaa mmoja wa watu wa kazi: nyumba za matofali zilizogusana kuta, baa kwenye kona moja, duka kwenye kona nyingine. Kwa sura ya mtaa wenyewe walichukua mfano wa Archie Street, mtaa halisi wa Salford ambao baadaye ulibomolewa. Wakubwa wa Granada walisita, kisha wakakubali sehemu 13 kwa kuanzia. Jina la kwanza lilikuwa Florizel Street, hadi mama mmoja aliyekuwa akigawa chai ofisini aliposema jina hilo linasikika kama dawa ya kusafishia choo. Likabadilishwa. Nampenda sana mama yule. Tangu mwanzo, sikio la mtu wa kawaida lilikuwa na haki ya kuhariri kazi hii.

Tangu 2017 chaneli ya ITV3 imekuwa ikirudia sehemu za zamani, ikianzia zile za 1986, na wapenzi wa tamthilia hii wanaweza kuuishi upya mtaa wa enzi hiyo siku baada ya siku. Mimi hurudi nyuma zaidi, kwenye zile nyeusi na nyeupe zilizohifadhiwa. Mara ya kwanza mtu hufuata kisa: nani kafa, nani kaolewa, nani kadanganywa. Mara ya pili kisa unakijua, kwa hiyo macho yanapata nafasi ya kutazama mikono ya fundi. Unaona mwigizaji anavyoshika kikombe wakati mwenzake anasema. Unaona mwandishi alivyoficha habari kubwa katikati ya maneno ya bei ya mkate.

Zile za mwanzo zina uzito wa pekee kwa sababu ya jinsi zilivyotengenezwa. Sehemu ya Ijumaa ilirushwa moja kwa moja kutoka studio, bila nafasi ya kurudia. Mara tu ikimalizika, waigizaji walewale walitengeneza inayofuata, hiyo ikirekodiwa kwa ajili ya Jumatano. Kamera zilikuwa nzito, seti zimebanana, na kukatakata mkanda wa picha kulikuwa kazi ngumu na ya gharama. Kwa hiyo mazungumzo yanaachwa yatembee. Watu wawili wanakaa mezani, wanaongea dakika tatu, nne, na kamera inakaa nao. Waigizaji wengi walitoka kwenye majukwaa na redio. Walijua kubeba maneno marefu kwa pumzi moja, na walijua pia kunyamaza bila kuonekana kama wamesahau zamu yao. Ukisikia sauti imekwama kidogo kooni, au mlango umegoma kufunga vizuri, unakumbuka kwamba jambo hili lilitendeka mara moja tu, mbele ya nchi nzima.

Na kabla ya yote kuna muziki. Eric Spear aliutunga wimbo wa ufunguzi ukiongozwa na koneti, tarumbeta fupi ambayo bendi za viwandani na migodini kaskazini mwa Uingereza zimeipuliza kwa vizazi. Unapita juu ya mapaa na mabomba ya moshi, polepole, kama mtu anayerudi kazini amechoka. Sekunde chache tu, nawe umeshafika.

Warren alisimulia kwamba utotoni alikuwa akikaa chini ya meza kwa bibi yake, akiwasikiliza wanawake wakizungumza. Ukilijua hilo, tamthilia yote inafunguka. Wanaume wapo, lakini mtaa ni wa wanawake. Elsie Tanner, aliyeigizwa na Pat Phoenix, anajitazama kwenye kioo katika sehemu ileile ya kwanza na kuukubali umri wake bila kujihurumia. Annie Walker wa Doris Speed anaendesha baa ya Rovers Return kana kwamba ni ikulu. Halafu anaingia Ena Sharples.

Anaingilia dukani. Mwenye duka mpya, Florrie Lindley, ndiyo kwanza amekabidhiwa funguo. Ena, mlinzi wa jumba la ibada la mtaa, amevaa koti zito na wavu wa nywele kichwani, na amekuja kununua vikeki. Lakini anachokuja kuchukua hasa ni habari za mtu. Anauliza kama Florrie ni mjane, anauliza anasali wapi, anaeleza atakavyozikwa, na katikati ya hayo yote anarudi kwenye vikeki, akitaja asivyovitaka. Haulizi akangoja, swali la pili linafika kabla jibu la kwanza halijakauka. Sisi tuliokulia kwenye vibaraza tunamjua bibi huyu. Violet Carson, aliyemwigiza, alikuwa mpiga piano na sauti ya redio aliyependwa sana, mwanamke mwenye adabu na ustadi wa muziki. Nadhani muziki ndio siri yake. Msikilize bila kutazama: kila neno limewekwa kwenye pigo lake, na pale anapochelewesha neno moja, ndipo kisu kinapoingia.

Ena alikuwa na wenzake wawili, Minnie Caldwell na Martha Longhurst, na kituo chao kilikuwa kijichumba cha pembeni pale baa, wamekaa na bia zao nyeusi wakipitisha hukumu juu ya kila anayeingia. Kwa miaka mitatu na nusu watazamaji waliwaona pale, watatu, kwenye meza ileile. Mei 1964 Martha akafa mezani hapo. Upande wa pili wa baa kulikuwa na sherehe ya kumuaga Frank Barlow, watu wakiimba na kucheka. Martha alikuwa na furaha yake pia: alikuwa na pasipoti mpya, kwa safari ya Hispania. Akajisikia vibaya, akajitenga akaketi peke yake, moyo ukasimama, na sherehe ikaendelea. Mwisho wa sehemu ile majina yalipita bila koneti. Kimya kitupu. Fikiria nyumba zilizozoea sauti ile mara mbili kwa wiki, na leo haiji. Hakuna kilio kilichorekodiwa ambacho kingefanya kazi ya kimya kile.

Miezi michache baada ya mazishi ya Martha, mwaka huohuo wa 1964, Stan na Hilda Ogden walihamia namba 13. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi.

Hilda ni msafishaji wa baa: mwembamba, mwenye sauti kali, joho lake la kazi halivuliwi, rola za nywele zimejaa kichwani chini ya kitambaa. Jean Alexander, aliyekuwa mfanyakazi wa maktaba Liverpool kabla ya kuingia jukwaani, alisema sura ile aliitoa kwa wanawake wa viwanda vya silaha wakati wa vita. Walikwenda kazini na rola kichwani ili nywele ziwe tayari wakialikwa kutoka jioni. Fikiri maana yake kwa Hilda. Kila siku kwa miaka 23 kichwa chake kinajiandaa kwa jioni ambayo haiji. Watu walizicheka rola zile, na zilistahili kuchekwa, lakini mwigizaji alijua amebeba nini.

Stan ni dereva wa lori aliyegeuka mpangusa madirisha, mvivu, mpenda bia. Bernard Youens aliyemwigiza alikuwa na sauti nzuri kiasi kwamba Granada ilimtumia kama mtangazaji tangu kituo kilipofunguliwa mwaka 1956. Sauti hiyo aliikunja na kuiweka kabatini, akamvaa Stan. Sijui sadaka kubwa zaidi ambayo mwigizaji anaweza kuitoa.

Ukutani kwao kuna mandhari ya milima, na juu yake bata watatu wa kauri wanaoruka. Wa katikati daima ameinama vibaya. Hilda anajivunia picha ile kama mali ya kifalme, na hawezi kulitamka neno la Kiingereza la picha ya ukutani, mural. Kila mara linatoka kama jina la mwanamke, Muriel. Mzaha huo ungeweza kuchosha ndani ya mwezi. Haukuchosha, kwa sababu hakuna aliyeuandika kwa dharau. Ukuta ule ulikuwa dirisha pekee la Hilda kuelekea mahali pazuri, na waandishi waliuheshimu.

Nasema waandishi, kwa wingi, na hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Hakuna mtu mmoja aliyemwandika Hilda. Waandishi walikutana mezani wakabishana juu ya visa, kisha kila mmoja akachukua sehemu yake akaenda kuiandika. Jack Rosenthal peke yake aliandika zaidi ya 100, akatoka, wengine wakaingia. Ni kama mkeka: kila mwanamke anasuka ukili wake barazani kwake, na mshonaji anaziunga. Mkeka mzuri huoni mkono wa huyu ulipoishia na wa yule ulipoanzia. Hilda wa mwaka 1966 na Hilda wa 1983 wametoka kwenye mikono tofauti kabisa, na bado pumzi ni ile moja. Kazi hiyo inahitaji kumbukumbu. Tamthilia ilikuwa na mtunza kumbukumbu wake, wa kusema nani alizaliwa lini na nani alimkopa nani. Mtaa usiosahau ndio unaoweza kumuumiza mtazamaji.

Youens alipatwa na kiharusi zaidi ya mara moja katika miaka yake ya mwisho. Ukitazama sehemu zake za mwisho unaona maneno ya Stan yanapungua, na wenzake wanavyomsaidia, wanavyomjibia bila kumdhalilisha. Alifariki Agosti 1984. Novemba mwaka huo Stan naye akafa, hospitalini, mbali na kamera.

Hilda anapita siku ya mazishi akiwa mkavu. Anahudumia watu, anasema yanayopaswa kusemwa. Wageni wanaondoka. Anabaki peke yake chumbani, na mezani kuna kifurushi kutoka hospitali, vitu vya Stan. Anakifungua bila haraka. Ndani yake kuna kasha la miwani. Analifungua, anaiona miwani, na hapo ndipo mwili wote unapokatika.

Hakuna neno, na hakuna wa kumwambia. Nimeitazama taratibu, nikijaribu kuona Jean Alexander anafanya nini hasa, na ninachoweza kusema ni kwamba halii kwa ajili yetu. Uso unakwepa. Mikono ndiyo inayoigiza: mikono ya msafishaji, iliyozoea kupangusa na kupanga vitu vya wengine, sasa haijui ikiweke wapi kitu hiki kidogo. Alipewa tuzo ya Royal Television Society, na ilikuwa haki. Lakini miwani ile ilihitaji miaka 20 ya Jumatatu na Jumatano nyuma yake. Ilihitaji kila ugomvi wa hela ya bia, kila "Stanley!" iliyopigwa ngazini. Filamu ya saa mbili haiwezi kuununua muda huo kwa fedha yoyote.

Krismasi ya 1987 Hilda alipouaga mtaa kwenda kumtunzia nyumba daktari mmoja huko Derbyshire, waliomtazama, ukijumlisha na marudio, walipita milioni 26. Miaka mingi baadaye, Desemba 2010, tamthilia ilitimiza miaka 50 kwa kuangusha tramu juu ya mtaa na kurusha sehemu nzima moja kwa moja, kama siku ya kwanza. Niliwavulia kofia mafundi wale. Ilikuwa kazi ya ujasiri. Ila tramu niliitazama mara moja ikanitosha.

Juzi, baada ya kuitazama tena ile ya kifurushi, nilirudi kwenye sehemu za zamani ambamo Stan yu hai. Amejilaza kwenye kiti chake, shati limemtoka, Hilda anamfokea kutoka jikoni kwamba madirisha ya watu hayatajisafisha. Stan anatafuta jibu, hana. Nikajikuta nimesogea karibu na kioo cha televisheni, sisikilizi tena ugomvi wao, namwangalia mzee yule usoni nione kama amevaa miwani.