Kupima Ubora wa Dashibodi Iliyofufuliwa: Land Rover za Zamani katika Mazingira ya Igalula

Dashibodi, yaani sehemu ya mbele ya dereva inayobeba mita, swichi na taa za tahadhari, hutazamwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari, na kwa sababu hiyohiyo ndipo ukarabati wa kudanganya macho unapofanyika zaidi, maana rangi mpya na vioo vinavyong'aa huweza kufunika waya zilizoungua na bati lililooza. Mwongozo huu unahusu Land Rover za mwaka 1958 hadi 1971, zile zinazoitwa Series II na IIA, na unazipima kwa mazingira ya Igalula, eneo la Wilaya ya Uyui mkoani Tabora. Kigezo kinachotawala vingine vyote ni kwamba dashibodi iliyofufuliwa vizuri humwambia dereva ukweli, na mapambo yake hayamzuii fundi wa kesho kuifungua.

Igalula iko mashariki ya mji wa Tabora, kandokando ya Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912, katika ukanda uliopitiwa na misafara iliyotoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali, ikaingia Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Kiangazi cha nchi hiyo ni kirefu na kina vumbi jingi, na mvua zinazoanza mnamo Novemba hufuata vumbi hilo hadi ndani ya kila upenyo, kwa hiyo kazi inayoonekana safi siku ya kukabidhiwa haijahukumiwa mpaka imepita kiangazi kimoja na masika moja.

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948 ikiwa na bodi ya aloi ya alumini, madini yasiyoshika kutu kama chuma, lakini ukuta unaotenganisha injini na abiria, ambao ndio uti wa mgongo wa dashibodi, ulitengenezwa kwa chuma. Mita zake ziliwekwa katikati, katika paneli ndogo ya bati, ili usukani uweze kufungwa kulia au kushoto bila kubadilisha mambo mengi, na mpangilio huo ulidumu mpaka Series III ya mwaka 1971 ilipozihamishia mbele ya dereva juu ya plastiki. Anayekagua gari la kabla ya hapo na kukuta mita mbele ya usukani ajue kwamba anatazama ubunifu wa fundi, si kazi ya kiwanda.

Ukaguzi huanzia nyuma. Paneli ya mita hushikwa na skrubu chache, na zikifunguliwa inapaswa kuvutika mbele kwa urahisi kwa sababu waya zimeachiwa urefu wa kutosha. Waya zilizokazwa mithili ya uzi wa gitaa zitakatika kwa mtikisiko wa barabara ya changarawe. Rangi za waya nazo ni lugha: kwa utaratibu wa magari ya Uingereza, nyeusi ni ya ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, kahawia hutoka kwenye betri bila kupita swichi, nyeupe huamshwa na ufunguo, kijani hutoka kwenye fyuzi baada ya ufunguo, na bluu ni ya taa kubwa. Fundi aliyetumia waya nyekundu kila mahali ameifuta lugha hiyo, na aliyesokota maungio na kuyafunga kwa tepu amejenga kitu ambacho joto litakifungua, kwa kuwa gundi ya tepu hulainika na kuteleza.

Baada ya waya hukaguliwa bati, kwa sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa ili isikwaruze rangi. Sumaku ikipitishwa juu ya ukuta wa chuma hushika kwa nguvu ileile kila mahali. Ikilegea ghafla karibu na pembe au chini ya milango ya hewa iliyo chini ya kioo cha mbele, hapo pamejazwa puti, yaani rojo zito la kufunikia mashimo, badala ya bati jipya lililochomelewa. Mipira ya milango hiyo ya hewa ichunguzwe pia, kwa sababu ndiyo inayozuia vumbi na maji yasimwagikie dashibodi kutoka juu.

Sehemu inayotenganisha fundi hodari na mpaka rangi ni mita zenyewe. Ufunguo ukiwashwa injini ikiwa imezimwa, taa nyekundu ya chaji na ya kijani ya shinikizo la oili lazima ziwake, kisha zizime injini inaponguruma. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko isiyozima, kwani inanyamaza hata siku ya hatari. Magari ya mwanzo yaliunganisha upande chanya wa betri na bodi, na wengi wameyageuza ili yapokee redio za kisasa, lakini asiyebadilisha waya za amita, kipimo cha umeme unaoingia na kutoka katika betri, huacha mshale unaosema betri inaisha wakati inajaa. Katika magari yenye kidhibiti volteji, kifaa kinachozipa geji za mafuta na joto umeme wa takriban volti 10, geji zote mbili zikipanda pamoja kupita kiasi, kosa huwa ni la kidhibiti au ethi yake. Njia rahisi ya kuithibitisha geji ya mafuta ni kumimina lita 10 katika tangi la kawaida la lita 45 hivi: mshale unapaswa kupanda karibu robo.

Ndipo urembo unapostahili kutazamwa. Nchini Marekani, waliobadilisha magari ya Ford ya miaka ya 1930 waliifanya dashibodi kuwa mahali pa kuonesha ladha ya mjenzi, na Tabora ina malighafi yake kwa kazi hiyo: mninga, mti wa miombo wenye utomvu mwekundu, ambao mbao zake husinyaa kidogo sana zinapokauka. Kipande kimoja kifuate mkondo mmoja wa nyuzi, na matundu ya skrubu yawe marefu kidogo ili mbao ipumue bila kupasuka. Nta ya nyuki, ambayo Tabora imebarikiwa nayo, huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, na dashibodi ya gari lililoanikwa juani hukaribia joto hilo. Kwa hiyo iwe utando mwembamba juu ya mafuta ya mbao yaliyokwisha kukauka, la sivyo itanata na kukusanya vumbi. Soketi ya kuchajia simu ining'inizwe kwenye kishikizo chake, kwani tundu jipya katika paneli ya asili halizibiki tena.

Mnunuzi aende na bisibisi, sumaku na dumu la lita 10, na bei isijadiliwe kabla skrubu za paneli hazijafunguliwa.